Tonge la Kwanza

Habari za kifo cha Kahindi zilinikuta nimekaa barazani nachambua kunde, kazi ambayo wajukuu wangu wanaona haimfai mzee aliyewahi kusimamia watu mia tatu. Aliyezileta alikuwa kitinda mimba wake, kijana mrefu mwenye mabega yaleyale ya baba yake. Alivuka feri kutoka Likoni akaja mpaka Changamwe, akaniamkia, shikamoo Mzee Daudi, akaketi pale nilipomwonyesha. Nikamwambia mke wa mwanangu alete chai. Kijana akasema kwa adabu kwamba ameshakunywa, na nikaona kikombe hakukigusa hata kwa kidole. Sikushangaa. Nyumba ile nzima ilikuwa haili kwangu, na sababu naijua mimi kuliko wao. Akaniambia watazika Jumamosi kule Bofu. Kisha akainamisha kichwa, akasema baba yao ameniachia neno, ila waliagizwa wanipe nikifika, si kabla.

Wiki hiyohiyo vijana wa kanisa walikuwa wameniomba nizungumze nao juu ya uongozi. Walitaka pointi tano, na kama sitaona vibaya niziandike kwenye karatasi ili wazipige chapa. Wamesikia kwamba katika maisha yangu nimebeba kuni, nimepika, nimeshika bendera ya kijani na nyekundu kwenye reli, nimekuwa nyapara wa makuli, karani wa shule, katibu wa chama cha wakulima wa korosho ambacho kilikufa mikononi mwangu, na mzee wa kanisa ambalo kwa neema ya Mungu bado liko hai. Wanadhani kila kazi ilinipa funzo lake, nami sasa ninalo kapu zima. Kapu langu lina kitu kimoja. Nilikipata jikoni, mwaka wa arobaini na tatu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na kazi zote zilizofuata zilikuwa ni kukilipia. Niliwaambia vijana nitakuja baada ya maziko.

Pale Kipevu ambapo leo makontena yamepangwa, miaka ile palikuwa na kilima cha mawe na kambi ya vibarua. Vita vilikuwa vinaendelea huko mbali, na sisi tulikuwa tunavunja mawe na kusawazisha ardhi ili yajengwe mabohari. Aliyetuajiri alikuwa kontrakta mmoja ambaye hayupo tena, wala sitamtaja. Tulikuwa watu wapata mia mbili, Wagiriama, Waduruma, Wataita, Wakamba na Wajaluo, tumelazwa sita sita katika vyumba vya mabati. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lisilofungwa na harufu ya jasho ambayo hata upepo wa bahari ulishindwa kuitoa. Mikeka yetu, wangu na wa Kahindi, ilikuwa imegusana. Kahindi alikuwa mvunja mawe, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa, na kila jioni alinigawia nusu ya muhogo wake wa kuchoma, hata siku ambazo mimi mtu wa jikoni nilikuwa nimeshiba kuliko yeye. Nilipomwambia sina njaa alisema muhogo hauliwi kwa njaa tu. Huko bara ya pwani watu walikuwa wanachimba mizizi, mvua imewatupa mkono miaka miwili, na kila kibarua pale kambini alijua kwamba akirudishwa kwao anarudishwa kwenye chungu kitupu.

Jikoni aliyekuwa mkubwa ni Mzee Kombo wa Chaani, Mswahili mfupi, mkavu, kofia yake nyeupe daima licha ya moshi wote ule. Mimi nilianza kwa kumbebea kuni, nikapanda nikawa wa kukoroga. Alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni niliiona ya kujionyesha. Chakula kikishaiva, kabla mlango haujafunguliwa, alitoka nje peke yake na sinia ndogo, mbele ya watu wote waliopanga mstari, akakata tonge moja kutoka kila sufuria, akachovya mchuzi, akala, akameza, akasubiri kidogo. Kisha akapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara moja, na hapo ndipo mstari uliposogea. Hakukosa siku hata moja, na Ramadhani alimteua mwingine wa kuonja, akasimama naye bega kwa bega. Kwetu sisi watu wa milimani desturi hiyo tunaijua kwenye tembo la mnazi. Mwenye nyumba hakupi kata kabla hajapiga funda la kwanza yeye, ukimwona, na tunasema ameondoa uchawi. Lakini kuifanya kambini, kwa watu mia mbili, kila mchana, hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Siku moja nilimuuliza kama haoni anapoteza wakati. Alimaliza kwanza kupangusa mwiko.

"Mwanangu, watu hawa wametoka pande zote, hawajuani. Mtu hawezi kuingia sufuriani kuangalia. Huangalia kinywa chako."

Nilidhani nimeelewa, na kuelewa kwangu kulifika mpaka mwezi wa sita. Mwezi huo lori lilileta magunia ya unga wa manjano yaliyokuwa yamelowa, sijui bahari au mvua, yakakauka, yakalowa tena. Tulipofungua la kwanza unga ulitoka kwa mabonge, umeshika rangi ya kijivu na harufu kama ya nguo iliyosahauliwa majini. Mzee Kombo alichukua bonge moja, akalivunja, akaliweka ulimini, akatema. Akafunga gunia, akaenda kumwambia msimamizi, Mzungu tuliyemwita Bwana Saa kwa sababu alikuwa haongei na mtu bila kutazama saa yake ya mkononi. Mimi nilikuwa stoo, na mabati ya stoo hayazuii sauti, kwa hiyo niliyasikia yote. Bwana Saa alisema unga ni huo, mwingine haupo nchi nzima, watu wana bahati kuupata. Mzee Kombo alisema unga huo hautapita kinywani mwake, na usiopita kwake haupiti kwa mtu. Bwana Saa akasema basi atatafuta kinywa kingine. Yule mzee hakupandisha sauti hata kidogo. Alirudi jikoni, akakunja kanga aliyokuwa akijifunga kiunoni, akautundika mwiko ukutani, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko wengine, akaondoka kwa miguu kuelekea Chaani.

Nilijua nitaitwa mimi. Nilikuwa na Kiingereza kidogo cha misheni, na nilikuwa mwepesi wa kusema ndiyo, sifa mbili ambazo wakubwa wa siku zile walizipenda zikikutana katika mtu mmoja. Bwana Saa alinipa chumba chenye kitasa na kofia ya kaki. Aliniambia pia, akitazama saa, kwamba jiko likilala siku moja atafunga kambi na kumrudisha kila mtu kwao, na kosa litakuwa langu. Nimekaa na jambo hili miaka hamsini, na nimejaribu kujitetea kila namna. Nilijiambia nilifanya kwa ajili ya watu, wasirudi kwenye njaa. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kofia. Niliivaa nikajitazama kwenye maji ya pipa, na nilijipenda.

Siku tatu tulipika akiba ya unga mzuri uliobaki, na siku tatu hizo sikulala vizuri. Niliuanika unga mbovu juani juu ya mikeka, nikauchekecha, nikaupepeta, nikauchanganya na chumvi. Siku ya nne akiba ikaisha. Asubuhi mapema nilipika kidogo kwenye sufuria ndogo, mlango nimeufunga, nikaonja. Uchungu wake ulinishika nyuma ya ulimi na haukuachia. Nikatema majivuni. Nilisimama pale na mwiko wa Mzee Kombo mkononi, nikisikia nyundo za mawe zinalia kilimani, na najua kabisa, wala hakuna wa kuniambia sikujua, kwamba unga ule haukuwa wa kulisha mtu. Kisha nikakumbuka kwamba chini ya kitanda changu nilikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa unga mzuri, niliojiwekea mwenyewe siku ya kwanza. Kwa nini niliuweka? Nadhani moyo wangu ulikuwa umeshaamua kabla sijaamua mimi.

Adhuhuri watu walipanga mstari kama kawaida. Harufu ilikuwa imetangulia. Nilikuwa nimetia pilipili na kunde nyingi kwenye mchuzi, bado ilitangulia. Kahindi alikuwa wa kwanza mstarini, sahani yake ya bati kifuani, vumbi la mawe limempaka mvi kabla ya wakati. Nilitoka na sinia. Katika kiganja changu cha kulia, chini ya vidole, nilikuwa nimeficha tonge la unga wangu wa mkebe, bado la moto, likiniunguza. Nilipeleka mkono kwenye sufuria ya kwanza, nikajifanya nakata, nikachovya, nikala. Nilirudia sufuria ya pili na ya tatu, kila mara nikimega kutoka tonge lilelile. Nilimeza polepole waone koo linavyopanda na kushuka. Nikapiga mwiko. Mstari haukusogea.

Kahindi alikuwa ananusa. Alinitazama, si kwa shaka, ila kama mtu anayemuuliza nduguye njia. Nyuma yake watu mia mbili walikuwa wanamtazama yeye. Kama angegeuka, wote wangegeuka, na mimi ningerudi kuwa mbeba kuni, au nisingekuwa kitu kabisa. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mstari.

"Kula, Kahindi. Mimi nimekula."

Akatoa sahani yake. Akala yote mbele yangu, akaomba na ukoko.

Alasiri ile wa kwanza aliweka nyundo chini akainama. Halafu wawili, halafu sita. Kabla jua halijatua kambi nzima ilikuwa inatapika, vyoo havitoshi, watu wamelala kwenye majani wameshika matumbo. Wengi walipata nafuu kesho yake. Kumi na wanne hawakupata, na lori la kubebea mawe likawapeleka hospitali kisiwani. Kahindi alikuwa mmoja wao. Nilimsaidia kupanda. Mwili ule mkubwa ulikuwa umelegea, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Aliniambia nimwangalizie mkeka wake. Nikamwambia nitauangalia. Nilikuwa mzima kabisa, tumbo langu limetulia, na uzima wangu ulinitia haya kuliko ugonjwa.

Bwana Saa alikuja, akaona, akaagiza unga ule utupwe, na lori likaleta mwingine mzuri siku ya pili. Ulikuwepo, basi. Hakuniuliza neno. Lakini watu kambini waliulizana, na hapo ndipo uongo wangu ulipoanza kutembea kwa miguu yake wenyewe. Nilikuwa stoo siku ya pili yake nikihesabu sufuria, nikawasikia nje ya mabati, wamekaa kivulini wanakunywa uji. Mmoja alisema ni unga. Mwingine akamkatiza, akasema haiwezekani kuwa unga, Daudi alikula, wote tulimwona, sufuria zote tatu, na yuko mzima anatembea. Kisha sauti ya tatu, ya nyapara mmoja aliyeheshimika, ikasema kama chakula kilikuwa safi, basi kuna kilichotumwa. Na ni nani aliyeondoka hapa na moyo mzito? Ni nani aliyesema unga huu hautapita? Mwenye kuondoa uchawi ndiye anayejua kuutia.

Ile desturi ya mzee, iliyowafanya waniamini, ndiyo sasa ilikuwa inamtia yeye kitanzini. Kwa sababu mimi nilionja nikabaki mzima, yeye alikuwa mchawi. Nilitoka nje, nikawaambia Mzee Kombo alikuwa kisiwani siku ile. Wakaniuliza nimejuaje. Nikasema nimesikia. Wakaniuliza kwa nani. Nikakosa jina. Yule nyapara akanitazama kwa huruma, akaniambia mimi ni kijana mwema, mzee alikuwa mwalimu wangu, si ajabu namtetea, lakini niwaachie wakubwa. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Jumapili asubuhi, wakati wengine wetu tulipaswa kuwa kanisani, watu wapata thelathini walichukua nyundo zao za mawe wakashika njia ya Chaani.

Niliwafuata kwa mbali. Nataka niseme kweli hapa: nusu ya njia nilikuwa natafuta namna ya kumwokoa mzee bila kujitaja. Nilifikiria kwenda kwa askari. Nilifikiria kupita njia ya mkato nimwambie akimbie. Nilijua kwamba akikimbia atakuwa mchawi maisha yake yote, na nyumba yake itakuwa majivu, nami nitabaki na kofia yangu. Nilipofika walikuwa wameshazunguka ua wa makuti. Mzee Kombo alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, na mkewe Bi Mwanasha alikuwa kando yake na ungo wa mchele. Hakusimama. Mikono yake iliendelea kukuna, ila nazi ilikuwa imeshafika kwenye kifuu na hakuona. Nyapara alikuwa anamwambia atoe alichokizika. Mzee alisema hana alichozika isipokuwa wazazi wake. Mtu mmoja alipiga nyundo kwenye nguzo ya banda, na makuti yakadondosha vumbi kwenye mchele. Ndipo mzee akaniona nyuma yao.

"Daudi," aliniita, "njoo hapa mbele."

Walinipisha. Nilisimama katikati ya ua na kofia ya kaki kichwani.

"Ulionja?"

"Nilionja, Mzee."

"Ulimeza?"

Bi Mwanasha alikuwa ameushika ungo kwa mikono miwili. Ningeweza kusema ndiyo tena, neno fupi, nilikuwa nimelizoea. Nilivua kofia.

"Sima niliyoimeza haikutoka kwenye sufuria yenu. Niliificha mkononi. Yenu niliionja asubuhi, nikaitema."

Hawakuelewa mara moja. Walinifanya nirudie. Kisha nikapigwa. Sitaeleza sana, kovu hili juu ya jicho langu la kushoto limewahi kuuliziwa na kila mtoto niliyemzaa, na kila mmoja nilimdanganya kivyake, reli, ngazi, ng'ombe. Nilianguka kwenye machicha ya nazi, na nakumbuka nilifikiri, bila hasira, kwamba wana haki. Aliyewazuia ni Mzee Kombo. Alisimama mara ya kwanza tangu waingie, akasema wamepata walichokifuata, na wakimuua mtu uani kwake ndipo watakapomfanya mchawi kweli. Wakatoka mmoja mmoja. Yule nyapara alibaki nyuma kidogo, akashindwa kumwangalia mzee usoni, akaokota kuti lililoanguka akaliegemeza ukutani, akaondoka.

Bi Mwanasha aliniosha damu. Halafu akaleta bakuli la uji wa mchele. Sikunyoosha mkono, nani angeweza? Mzee Kombo alilichukua yeye, akapiga funda moja mbele yangu, akameza, akanipa. Alinifanyia mimi, niliyemharibia desturi yake mbele ya dunia. Nililia kwenye uji ule kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Yeye aliniacha nilie, akarudi kwenye kibao chake, akatazama kifuu alichokikwangua mpaka kikawa chembamba, akakitupa.

Kesho yake nilirudisha kofia na ufunguo, na Mzee Kombo aliitwa arudi jikoni. Alikataa. Mimi niliwahi kusimama lango la hospitali siku Kahindi anatoka, wiki tatu baadaye, nimebeba mkeka wake. Alikuwa amebaki mifupa, na kifua kile hakikurudi tena kuvunja mawe. Nilitaka kumweleza kila kitu. Alisema ameshasikia. Nikamwomba msamaha, nikamwambia niliwadanganya wote, si yeye peke yake, kana kwamba hilo lingemfariji. Alichukua mkeka, akauweka begani, akapumzika kwanza kwa sababu ulikuwa mzito kwake.

"Wengine waliangalia kinywa chako," alisema. "Mimi uliniita jina."

Alivuka kwenda Likoni, akapata kazi ya kulinda bustani, akaoa, akakaa Bofu. Hatukuwa maadui. Tulikutana kwenye feri, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Alikuja harusi ya binti yangu wa kwanza akakaa mpaka mwisho, mikono magotini, hakunywa hata maji. Watu wakadhani amefunga. Mimi niliyekuwa nazunguka na mabirika nilimpita mara nne. Mara ya tano sikuweza, nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama.

Nilipokuwa nyapara wa makuli nilikuwa wa kwanza kushuka ngama ya meli, kule chini kabisa kwenye shehena, palipokuwa na hewa mbaya, na wakubwa waliniambia ni ujinga, nyapara kazi yake ni kusimama juu. Kwenye reli sikuwahi kupeperusha bendera ya kijani bila kwenda mwenyewe kuitazama njia, hata mvua ikinyesha, na madereva walinicheka. Chama cha korosho kilipokufa nilikuwa nimewaambia wakulima miezi sita kabla kwamba kinakufa, na kwa kusema hivyo pengine nilikiua mapema. Sijui kama hayo yanaitwa uongozi. Mimi nilikuwa naona tu mtu wa kwanza mstarini, sahani kifuani, vumbi kichwani, ananitazama aone njia.

Jumamosi nilikwenda Bofu. Tulimzika Kahindi saa sita, chini ya jua la utosini, mchungaji akafupisha. Kisha watu wakapanga mstari kwa ajili ya chakula, mstari mrefu, kwa kuwa alipendwa, na akina mama walikuwa wamesimama nyuma ya sufuria zilizofunikwa. Hawakufunua. Nilidhani wanasubiri sala. Kadzo, binti yake mkubwa, mwanamke wa makamo sasa, alinifuata pale nilipokuwa nimeketi, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa wazee, na sinia ndogo mikononi.

"Baba alisema chakula cha maziko yake kisiguswe mpaka Mzee Daudi aonje kwanza," alisema. "Alisema mbele ya watu. Na alisema tumwone anameza."

Sikumuuliza alisema kwa uso gani, wa kicheko au ule mwingine. Ningeweza kuuliza, na sikutaka kujua. Niliinuka kwa fimbo yangu, nikaiacha kwenye kiti, nikakunja mikono ya kanzu mpaka viwikoni, nikavigeuza viganja vyangu juu na chini ili wote wavione. Nikaenda kwenye sufuria ya kwanza, wakanifunulia. Nikakata tonge la sima, nikachovya, nikala. Nikaenda ya pili. Nikaenda ya tatu. Miaka yote ile na bado tonge la tatu lilikataa kupita, nikasimama nalo mdomoni mbele ya watu, machozi yanashuka, mpaka likapita. Kadzo alikuwa ananitazama koo. Alinipa mwiko, nikapiga ukingo wa sufuria mara moja. Mstari ukasogea, na wa kwanza kunyoosha sahani alikuwa yule kijana aliyekataa chai yangu.